Vidole Vinne Kulia

"Siyo kazi yake hiyo!"

"Ni yake."

"Dada, nakwambia siyo! Tazama rangi. Kipande hiki cheupe, hiki chekundu, vimeunganishwa kama punda na mbuzi kwenye gari moja. Halafu maneno yenyewe yamekimbilia kulia kama yanafukuzwa na mbwa. Yule mtu tulimwita Milimita. Milimita! Unadhani jina lile aliliokota?"

"Na mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Ni yake."

"Kitanda na mbao ni vitu viwili, dada."

"Kwani kitanda ni cha chuma?"

Mpelelezi Kidole akacheka kwa pua. Wote wawili wakamgeukia, Bosi mwenye karakana upande huu wa meza, mke wa fundi upande ule, na kibao chenyewe katikati yao kama mtoto anayegombaniwa na wazazi.

Kilikuwa kikubwa kama sinia. Kingo zake zilichongwa majani yanayokimbizana, na juu kulichimbwa mkasi mkubwa, safi kabisa. Chini ya mkasi kulikuwa na maneno mawili ya kuunguzwa: Kesho tu. Yalitakiwa yakae chini ya mkasi pale katikati. Hayakukaa. Yalisogea mpaka herufi ya mwisho ikapanda juu ya majani.

Mwanamke alikuwa mshonaji. Mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi ulining'inia kiunoni kwa kamba, na kila akigeuka uligonga kifungo cha chuma cha mkanda wake, ti, ti. Mumewe Milimita ndiye alikuwa fundi wa mashine hapa. Asubuhi moja kabla ya mvua kubwa, ilisemekana alitoka kwenda kununua biti za kukatia, yale meno ya mashine. Mvua zimekuja, zimeondoka, biti hazijafika. Juzi sasa mshonaji anafungua mlango wake, anakuta kibao kimeegemezwa. Hakuna aliyepiga hodi.

"Nilimwomba kibao cha duka," alimwambia Kidole. "Kila nikiuliza, kesho tu. Nikamwambia basi, andika hivyohivyo, duka liitwe Kesho Tu, maana na mimi wateja ndivyo ninavyowajibu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulikuwa wawili chumbani. Nani mwingine alijua?"

"Mkubwa," Bosi alimwambia Kidole, "nionyeshe fundi asiyesema kesho, nimpe karakana hii na funguo."

Kidole alikuwa mpelelezi wa kituo cha polisi cha jirani, na jina lile walimpa wenzake kwa sababu hawezi kuacha kugusa. Wengine wakifika kwenye tukio wanatazama, yeye anapapasa. Mkuu wake alishamwambia asubuhi: mtu mzima kaondoka kwa miguu yake, andika ameondoka, funga faili. Leo.

"Mkifunga," mshonaji akasema, kama aliyesikia, "mimi nitakuwa nani? Siyo mjane, siyo mke. Niambieni tu kama yuko hai. Nikijua yuko hai nitasubiri. Nikijua amekufa nitalia nimalize. Hili la katikati ndilo linanila."

Kidole akakivuta kibao. Akapitisha kidole kwenye mkasi, kwenye majani, kwenye maneno.

"Mashine iko wapi?"

Pembeni kulikuwa na kijana anafagia. Alikuwa anafagia mahali ambapo hapana unga wala maranda. Walimwita Spidi, aliyekuwa anafanya kazi na Milimita, na sasa ndiye aliyebaki kuendesha mashine.

"Wewe," Kidole akamwita. "Niwashie."

Ilikuwa mashine ya meza, zile za kuongozwa na kompyuta, na kichwa chake kilibeba vitu viwili bega kwa bega: mota ya kukatia, na kulia kwake leza, kiboksi kidogo cheusi ambacho ukikiona huwezi kudhani kinaunguza mbao. Spidi akavaa miwani mipya ya kijani. Akashika swichi ukutani, akaiachia. Akaishika tena. Swichi ilikuwa imezungushiwa waya, kama kuku mwenye tabia mbaya.

"Mbona unaibembeleza?" Kidole akauliza. "Jina lako si Spidi?"

"Hii ndiyo inayoamua, afande." Spidi hakugeuka. "Kompyuta inatuma neno moja tu: washa. Haijui inawasha nini. Swichi ikiwa juu, inawaka mota. Ikiwa chini, inawaka leza. Neno ni lilelile, waya ni uleule."

"Na kompyuta haiwezi kuambiwa?"

"Inaambiwa. Kuna mpangilio, unaiambia hii sasa ni leza, basi mashine ikisimama mwanga unajizima. Usipoiambia, inajua ni mota. Inasimama palepale huku inachoma."

"Ukisahau swichi?"

"Unaharibu kazi."

"Kazi tu?"

Kijana akapapasa waya wa swichi. "Kazi tu, afande."

Kidole akalitia jibu lile akilini, akaendelea. Akamwambia Spidi achonge duara kwenye kipande cha ubao, halafu abadilishe, achome msalaba katikati ya duara, bila kurekebisha kitu kingine chochote. Mota ikalia, vumbi likaruka. Kisha waya ukafunguliwa, swichi chini, mpangilio ukabadilishwa, na mwanga wa bluu ukaanza kutembea na moshi mwembamba. Bosi akakohoa. Mshonaji alisimama mlangoni, anaitazama mashine kama mtu anavyomtazama mwanamke aliyekaa na mumewe mchana kutwa.

Msalaba ulitoka nje ya duara, kulia.

"Ndiyo hivyo," Bosi akadakia. "Leza inakaa kando ya mota. Ukihama kutoka hii kwenda hii lazima uiambie mashine isogee, la sivyo inachora ilipozoea. Makosa ya kitoto hayo."

Kidole akaweka vidole vyake vinne kati ya katikati ya duara na katikati ya msalaba. Vikaenea. Akaviweka hivyohivyo kichwani kwa mashine, kati ya ncha ya mota na jicho la leza. Vikaenea. Akarudi mezani, akaviweka kwenye kibao, kutoka katikati ya mkasi mpaka katikati ya maneno.

Vikaenea, wala hapakubaki nafasi ya kupitisha uzi.

"Kimekatwa hapa," akasema. "Kwenye mashine hii."

"Karakana yangu?" Bosi akang'aka. "Bila mimi kujua?"

"Na Milimita angesahau kusogeza?"

"Hata angekuwa usingizini! Yule akiona msumari umepinda halali."

"Basi aliyechoma maneno ni mwingine anayeijua mashine. Nani mwingine anaijua?"

Hakukuwa na haja ya kumtaja. Spidi alikuwa ameshavua miwani.

"Ni mimi," akasema harakaharaka. "Nilimwonea huruma shemeji. Milimita aliwahi kunihadithia hiyo kesho tu, zamani. Nikaona nimfanyie kibao, moyo upoe. Ni mimi peke yangu. Nisamehe, shemeji."

Mshonaji hakulia. Alikichukua kibao, akakipangusa kwa kiganja kama anayemfuta mtoto unga usoni, akakikumbatia kifuani. Ndipo akakaa chini, palepale kwenye maranda.

"Basi," akasema. "Basi."

Kila kitu kilikubaliana. Mashine ilishuhudia, kijana kakiri, mkuu wa kituo atafurahi. Kidole akachukua kofia yake.

"Haya, mkubwa," Bosi akasema huku anamsindikiza, "kwa kuwa umefika na unasifiwa, nipelelezee na mimi kesi yangu. Msasa. Humu ndani msasa unaisha kama maji. Nanunua, unaisha, nanunua, unaisha. Na huyu bwana," akamnyooshea Spidi kidevu, "tangu nimjue hajawahi kusugua kitu kikasuguka. Wateja wananirudishia. Sasa nani anakula msasa wangu, panya?"

Kidole akasimama. Kofia ikabaki hewani.

Akarudi mpaka kwenye rundo la kazi za Spidi zilizosubiri wateja, sinia, vibao vya namba za nyumba, migongo ya viti. Akapapasa. Mbele, sawasawa kidogo. Nyuma, zilikwaruza kama ulimi wa paka.

"Samahani, dada. Naomba nikishike tena."

Mshonaji hakutaka kukiachia. Kidole alikivuta taratibu kutoka mikononi mwake, akakigeuza, akapapasa mgongo wake. Ulikuwa laini kama shavu. Mgongo, ambao utatazama ukuta maisha yake yote! Akatafuta kiungo cha ule ubao mweupe na ule mwekundu, kile cha punda na mbuzi. Kwa jicho kilipiga kelele. Kwa kucha hakikuwepo. Akarudia kwa kufumba macho, na kweli, akifumba macho kibao kilikuwa kipande kimoja.

Karibu na ukingo kulikuwa na mstari wa penseli ambao haukufutwa. Mstari mrefu, mweusi, kipofu tu ndiye asiyeuona.

Kidole akafumbua macho.

Mkono ulikuwa umeona kila kitu. Jicho halikuwa limeona chochote.

Akatazama swichi iliyofungwa waya. Akatazama miwani mipya. Akamtazama kijana aliyeitwa Spidi na ambaye siku hizi anashika swichi mara mbili kabla ya kuwasha.

"Twende nje, wewe na mimi," akamwambia. "Dada, nisubiri hapa."

"Nimesubiri vya kutosha," mshonaji akasema, lakini hakuinuka.

Nje, nyuma ya mbao zilizoegemezwa kukauka, Kidole alimwuliza swali moja tu.

"Msasa unampelekea nani?"

Spidi akaanza kutembea. Kidole akamfuata. Njia ilipita kwenye uchochoro wa mafundi, kwa wachomeleaji, kwa wauza vyuma chakavu, na kijana alikuwa anaongea bila kugeuka, kama anayeongea na visigino vyake.

"Alikuwa ameinama, anakaza biti. Mimi niko kwenye kompyuta. Akaniambia washa kidogo nione kama inayumba. Nikabonyeza. Sikutazama swichi, afande. Nilikuwa nimetoka kuchoma namba za nyumba, ilikuwa bado chini. Na mpangilio nilishaurudisha wa mota, kwa hiyo leza haikujizima. Chini kulikuwa na klempu mpya, ile ya kubania mbao, inang'aa kama kioo. Mwanga ukapiga klempu ukamrudia machoni. Hakupiga hata kelele. Aliniuliza tu, mbona umezima taa?"

"Bosi?"

"Alikuwa ametoka. Nilimpeleka kwa daktari, daktari akasema nyuma ya jicho pameungua, hapashoneki. Nikataka kumrudisha kwa shemeji. Akaninyang'anya mkono. Akasema ukimwambia, umeniua mara ya pili."

"Na wewe ukaona afadhali, maana na kazi yako imepona."

Spidi hakubisha. "Ndiyo," akasema. "Na hilo pia."

"Wewe na mimi bado hatujamaliza."

Nyuma yao, mbali kidogo, kitu kiligonga chuma. Ti. Kidole alisikia. Hakugeuka.

Chumba kilikuwa nyuma ya fundi pancha, mlango wazi, matairi yamepangwa ukutani. Ndani mwanamume mwembamba alikaa kwenye stuli, anasugua mpini wa jembe. Alisugua, akapapasa, akasugua. Unga wa mbao ulikuwa umemjaa magotini.

"Spidi, umekuja na mtu," akasema. "Viatu vizito."

"Polisi," Kidole akajibu. "Wewe ndiye Milimita?"

"Nilikuwa."

Alisema hayo anatazama matairi. Kidole alishazoea, mtu asiyekutazama usoni ana jambo. Akasogea mbele yake. Yule akahamisha macho pembeni.

"Bwana, nitazame usoni tunapoongea."

"Nikikutazama usoni, huna uso." Milimita akatabasamu kwa matairi. "Usikasirike. Katikati pameungua, pako shimo. Pembeni ndiyo kumebaki mwanga kidogo, wa vivuli, hauna rangi. Kwa hiyo nikitaka kukuona lazima nitazame kwingine. Kama mtu anayemtamani mke wa jirani."

Kidole akatafuta pa kukaa, akakalia tairi.

"Mkeo ana jicho la mshonaji. Kile kibao amekitambua siku ileile."

Mkono wenye msasa ukasimama. "Amekipenda?"

"Amegombana na Bosi kwa ajili yake. Kwa nini hukurudi nyumbani?"

Milimita akapuliza unga kwenye mpini.

"Chumbani kwetu hatuna kioo," akasema. "Kilivunjika tukihamia, nikamwambia nitanunua kesho. Basi akimaliza nguo ya mteja anaivaa yeye kwanza, anasimama mbele yangu, anazunguka. Iko sawa? Namwambia bega la kushoto limezidi. Anapima, kweli limezidi. Kila jioni, afande. Mimi ndiye niliyekuwa kioo chake. Sasa nirudi, asimame mbele yangu, aulize iko sawa, na mimi nitazame ukuta?" Akatikisa kichwa. "Usimwambie. Sema umenikosa. Anikumbuke nilivyokuwa na macho."

"Mtu anayetaka asahaulike haandiki kesho tu."

"Mkono ulinishinda."

"Kwa hiyo wewe ulisugua, huyu akachoma."

"Bosi alipotoka kwenda kuonana na wateja. Mbao nilizishika tu nikaona zinaoana, wala sikujua rangi. Kwani kuna ubaya?"

Spidi, aliyebaki mlangoni, akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amemwambia Milimita kuhusu zile rangi. Wala kuhusu maneno yaliyokimbilia kulia.

Ti.

Milimita akanyanyua kichwa. Msasa ulimponyoka, ukaanguka bila sauti.

Mshonaji alikuwa amesimama kizingitini, kibao kifuani. Spidi akampisha. Kwa fundi pancha pampu ilikuwa inahema, na mtu anacheka kwa mbali.

Milimita akageuza uso wake upande wa ukuta.

Mshonaji akaona hilo, akakikaza kibao kifuani. "Hutaki hata kunitazama?"

"Anakutazama, dada," Kidole akasema. "Siku hizi ndivyo anavyotazama."

Mshonaji akasimama pale, hajui aangalie wapi. Halafu akaingia. Taratibu, akazunguka mpaka upande wa ukuta, lakini mumewe akageuza tena uso, kumtafuta, na ikawa kila akisogea mbele yake yeye anahama, kama watu wawili wanaopishana kwenye uchochoro mwembamba na kila mmoja anampisha mwenzake upande uleule. Mwisho mwanamke akasimama tuli. Akakubali kutazamwa na shavu.

"Umekonda," Milimita akasema. "Gauni linakupwaya mabegani."

"Yote mawili?"

"Kushoto zaidi."

Mshonaji alitoa sauti, Kidole hakujua ni kicheko au nini. Akainama, akakiweka kibao juu ya magoti ya mumewe, kwenye ule unga. Akakishika kidole cha shahada cha mumewe, akakiweka juu ya mkasi uliochongwa, akakishusha.

"Hapa ni mkasi. Hapa katikati yake. Shuka. Umeona maneno?"

"Hayapo."

"Yatafute."

Kidole cha Milimita kikatambaa kwenye mbao laini, kulia, kulia zaidi, mpaka kikaangukia kwenye makovu ya moto. Uso wa Milimita ukabadilika. Akapima kwa vidole vinne. Akapima tena.

"Spidi!" akafoka. "Hukusogeza!"

"Spidi simjui," mshonaji akasema. "Mimi kibao nilimwomba mume wangu. Na mume wangu ameniletea maneno kombo, na mbao mbili za rangi mbili, kama kiraka cha suruali. Nimekaa mlangoni nakitazama kutwa nzima. Nakitazama najiuliza, amekosaje? Huyu hakosei. Nikasema basi yuko mahali pabaya, mahali hana mwanga." Akapangusa unga kwenye kibao. "Ungeniambia tu hapana mwanga. Mimi nashona hata umeme ukikatika."

Milimita alikuwa ameshika kingo za kibao kwa mikono miwili.

"Kikwangue," akasema mshonaji. "Ukichome upya. Akiendesha mashine yeye, sawa, wewe umpimie. Halafu usimtume mtu. Ukilete mwenyewe mpaka mlangoni, upige hodi kama watu."

"Njia sioni vizuri."

"Njia uliijua hata ukirudi umelewa."

Kidole akajifanya anafunga kamba za kiatu.

"Unakitaka lini?" Milimita akauliza, kwa matairi.

Mwanamke akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaufunga vizuri mkasi kiunoni.

"Kesho tu," akasema.

Akageuka akaondoka, na Milimita, ili amwone akienda, akatazama ukuta.